Andika Namba za Rimoti Kabla Haijafa

Mazungumzo kwa mafundi, wanafunzi wa elektroniki na wakazi wa Kisiwa cha Rusinga



Kenya ilipozima mitambo ya televisheni ya analogi mwaka 2015, ving'amuzi viliingia katika nyumba nyingi, na kila king'amuzi kikaja na rimoti yake. Ving'amuzi vingi vina kitufe kimoja au viwili tu mbele, na vingine havina hata kimoja. Rimoti ikitumbukia majini, ikikanyagwa au ikiliwa na kutu ya betri, chombo kizima hukaa bure ingawa hakina ubovu wowote. Mkazi wa Kaswanga au Kamasengre huvuka daraja hadi Mbita kutafuta nyingine, na mara nyingi hurudi na rimoti isiyoelewana na chombo chake.

Hasara hiyo inaweza kuepukika. Rimoti haina siri. Inachotuma ni namba, na namba hiyo inaweza kusomwa, kuandikwa daftarini na kutumwa tena na chombo kingine. Sharti ni moja: isomwe rimoti ikiwa bado hai.

Rusinga si mgeni wa umeme mdogo. Kati ya mwaka 2013 na 2015, nyumba za kisiwa hiki ziliwekewa paneli ya sola, betri, taa, mahali pa kuchaji simu na mtego wa mbu, katika mradi wa SolarMal wa kupambana na malaria ulioendeshwa na icipe na Chuo Kikuu cha Wageningen. Kazi inayoelezwa hapa inahitaji volti 5 tu, zile zile za kuchajia simu.

Rimoti inasema nini?

Mbele ya rimoti kuna taa ndogo ya miale ya infraredi, ambayo jicho la mtu haliioni. Kamera ya simu huiona. Elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza kitufe, na utaona mwanga wa zambarau ukimetameta. Usipouona, anza na betri na vyuma vinavyoigusa kabla ya kulaumu televisheni.

Taa hiyo humetameta kwa kasi, kwa kawaida mara 38,000 kwa sekunde. Kasi hiyo humwezesha mpokeaji kutofautisha rimoti na miale ya jua au ya taa ya nyumbani. Hata hivyo, jua kali la mchana huweza kumzidi, kwa hiyo jaribio lifanyike kivulini.

Ujumbe wenyewe umo katika urefu wa kuwaka na kuzima. Katika utaratibu uitwao NEC, ambao ni wa kawaida sana, rimoti huwaka milisekunde 9 kama mtu anayebisha hodi, ikanyamaza milisekunde 4.5, kisha ikatuma sifuri na moja 32. Kimya kifupi ni sifuri, kimya kirefu ni moja. Namba hizo hugawanyika mafungu manne: anwani ya chombo, anwani hiyo ikiwa imegeuzwa, amri ya kitufe, na amri hiyo ikiwa imegeuzwa. Kugeuza ni kuweka moja penye sifuri na sifuri penye moja, ili mpokeaji ahakikishe hakusikia vibaya.

Si kampuni zote zinazofuata NEC. Sony ina utaratibu wake unaometameta mara 40,000 kwa sekunde, na Philips ilianzisha RC-5 unaometameta mara 36,000. Ndiyo maana rimoti ya chombo kimoja haifungui kingine.

Namna ya kusoma

Fundi anahitaji kipokezi cha infraredi chenye miguu mitatu, kwa mfano VS1838B, na bodi ndogo kama Arduino. Mguu mmoja ni wa umeme, mmoja wa ardhi, na mmoja hutoa ujumbe. Mpangilio wa miguu hutofautiana, kwa hiyo soma karatasi ya kipokezi chako kabla ya kuunganisha. Programu ya bure iitwayo IRremote huonyesha kwenye kompyuta utaratibu, anwani na amri ya kila kitufe kinachobonyezwa.

Hapa wanafunzi wengi hukwama kwa mambo manne.

Kwanza, kitufe kimoja huweza kuonekana na namba mbili. Rimoti ndogo zinazouzwa pamoja na vifaa vya kujifunzia hutoa FFA25D katika matoleo ya zamani ya IRremote, na amri 45 katika matoleo mapya. Ni kitufe kile kile: toleo moja linasoma kutoka mwanzo, jingine kutoka mwisho. Andika na toleo ulilotumia.

Pili, ukishikilia kitufe, rimoti ya NEC hairudii namba yote. Hutuma ishara fupi yenye maana ya "endelea". Bonyeza na uachie.

Tatu, RC-5 hubadilisha alama moja kila unapobonyeza upya. Kitufe kimoja kitatoa namba mbili kwa zamu, na zote ni sahihi.

Nne, namba za tarakimu tatu au nne zilizo kwenye karatasi ya rimoti ya madukani ya kila chombo si ujumbe wa infraredi. Ni namba za kurasa katika orodha iliyomo ndani ya rimoti hiyo. Usiziingize katika mradi wako.

Rimoti ikiwa imekwisha kufa, tafuta namba ya modeli iliyoandikwa mgongoni mwake au chini ya kifuniko cha betri. Mkusanyiko wa LIRC una namba za rimoti nyingi zilizosomwa na watu wa nchi mbalimbali, na hutafutwa kwa jina la rimoti, si la televisheni pekee.

Faida na tahadhari

Ukishapata namba, bodi ile ile ikiongezewa taa ya infraredi, rezista na transista huweza kuituma. Kijana anaweza kumtengenezea nyanya yake kisanduku chenye vitufe vitatu vikubwa: kuwasha, sauti na chaneli. Fundi mwenye daftari la namba za ving'amuzi vya kijijini anaweza kurudisha kazini chombo ambacho kingetupwa.

Lakini kwa kuwa namba hizi hazina siri, zisitumiwe kufungulia mlango wala kuwashia mashine inayoweza kuumiza mtu. Aliyekaa chumbani na kipokezi cha bei nafuu anaweza kuinakili amri hiyo kwa mbonyezo mmoja.

Jioni ya leo, rimoti ya nyumbani ikiwa bado inafanya kazi, ipelekwe kwa kijana anayejifunza elektroniki. Aisome, aandike, na karatasi ibandikwe chini ya king'amuzi. Siku rimoti itakapokufa, karatasi hiyo itakuwa imeokoa king'amuzi.