Mnunuzi Haulizwi Kadi

Mazungumzo kwa wanachama wenye maduka, vyombo na mafundi, Kilindoni, Mafia



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalinong'ona barazani. Mwenye duka ni mwanachama wetu. Anaingia mtu aliyevaa fulana ya chama kingine. Jana mkutanoni mtu huyu alitutukana, akatuita wezi na vibaraka. Leo anataka kilo mbili za sukari. Je, auziwe? Wako wasemao asiuziwe, akanunue kwa wenzake. Mimi nasema auziwe, tena kwa bei ile ile na mizani ile ile.

Kwanza, tazameni tunakaa wapi. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilipata watu 46,438 katika Mafia yote. Mtu wa Dar es Salaam akikataliwa duka hili huvuka barabara akaingia la pili. Mtu wa Juani akikataliwa, aende wapi? Wakati wa kusi bahari ikichafuka, vyombo hupungua. Nahodha akimnyima mgonjwa nafasi ya kuvuka kwenda Nyamisati kwa sababu ya siasa yake, huko si kumjibu maneno, ni kumhukumu. Ndugu zetu wa Jibondo kwa miaka mingi wamefuata maji ya kunywa kwa chombo mpaka kisiwa kikubwa. Fikirini mwenye kisima angeuliza kadi kwanza kabla ya kujaza ndoo! Penye duka moja na chombo kimoja, kukataa kuuza ni kutoa adhabu, na sisi hatukuchaguliwa kuwa mahakimu.

Pili, jambo hili jirani zetu wamekwisha lionja. Huko Unguja na Pemba, baada ya uchaguzi wa Julai 1957, wafuasi wa ASP na ZNP waligawanyika mpaka sokoni. Wakulima waliokaa katika mashamba ya watu walifukuzwa kwa ajili ya chama chao. Wenzao nao wakasusa maduka ya Waarabu na Wahindi. Watu wakakataa hata kupanda basi moja. PAFMECA, iliyoanzishwa Mwanza Septemba 1958, ilijaribu kuwapatanisha, ikaundwa Kamati ya Uhuru, lakini mapatano hayakudumu. Juni 1961, katika fujo za uchaguzi, watu 68 waliuawa. Sisemi ya kwamba duka lililosusiwa ndilo lililoua. Nasema watu walioacha kuuziana chumvi walibakiwa na mahali pachache pa kukutana kwa amani.

Baada ya uchaguzi wa 1995, ule wa kwanza wa vyama vingi tangu sheria ya 1992, Pemba waliyaona tena. Katika vijiji kadhaa wafuasi wa CCM na wa CUF waliacha kununuliana, na hata kuzikana. Ukapita Muafaka wa 1999, ukapita na wa 2001, mpaka kura ya maoni ya Julai 2010 ndipo njia ya serikali ya umoja ikafunguka. Kususa huanza kwa siku moja. Kupatana kulichukua miaka kumi na mitano.

Najua mtaniambia: mtu hakuchagua rangi yake, lakini maoni ameyachagua mwenyewe, basi na ayalipie. Ndugu zangu, hayo ndiyo waliyofanyiwa wazee wetu. Serikali ya Kiingereza iliwakataza watumishi wake kuingia TANU. Mwalimu Nyerere aliacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955 kwa kuwa ilimbidi achague, ualimu au siasa. Walioweka mtu kati ya riziki yake na mawazo yake tuliwaita wakandamizaji. Jina hilo halibadiliki kwa sababu mizani imeshikwa na mwenzetu.

Na ninyi mnaoshika kazi za umma, zahanati, bandarini, ofisi za vijiji: kwenu hili si hiari hata kidogo. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mwenye mamlaka kumbagua mtu kwa maoni yake ya siasa.

Sasa niseme mipaka, maana sisemi mkubali kukanyagwa. Mtu akitukana ndani ya duka lako, mwambie atoke, kama utakavyomwambia mwanachama wetu akitukana. Fundi cherehani akiletewa bendera ya chama kingine, ashone. Ni kitambaa na ujira wake. Akitakiwa atarizi maneno ya kutukana kabila au dini ya watu, akatae, na akatae hata kama kazi hiyo imeletwa na katibu wetu mwenyewe. Kipimo ni kimoja: je, mtu wa chama chako naye ungemfanyia hivyo? Ukijibu ndiyo, umekataa tendo. Ukijibu hapana, umemkataa mtu.

Wala msidhani kumpimia sukari ni kuyakubali maneno yake. Mpimie, mfungie, mrudishie chenji yake kamili, kisha mwambie: "Bwana, yale uliyoyasema jana si kweli, na mkutanoni nitakujibu." Mjibuni kwa hesabu na kwa ushahidi, mbele ya watu. Mtu uliyemnyima chumvi atakwenda kuwaambia jirani zake kwamba kweli sisi ni wabaya, na safari hii atakuwa na ushahidi. Mtu uliyempimia sawa, hata asipotupigia kura, atashindwa kuwaambia watoto wake kwamba sisi ni adui.

Basi kesho mfunguapo milango, wa kwanza kufika awe wa kwanza kuhudumiwa.

Umoja ni nguvu.