Serikali Ibadilikapo, Mgeni Afanye Nini?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imeniomba niseme juu ya hali ya wageni katika nchi ambayo serikali yake imebadilika. Jambo hili latuhusu sana, kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu wanaotafuta riziki nje ya Kenya, na wapatwapo na taabu, Chama hiki ndicho huitwa kwanza.

Desturi ya serikali mpya ni kuuliza upya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wengi ambao hawakuwa raia kwa kuzaliwa walipewa miaka miwili kuomba uraia. Wengine walisitasita. Mwaka 1967 zikaja sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara, na mtu aliyezaliwa Nairobi akajikuta anaomba kibali cha kazi kama aliyeshuka melini juzi.

Kwa jirani zetu wa Uganda mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwarudisha makwao maelfu ya wafanyakazi wa Kenya. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akaitwaa serikali kwa nguvu za jeshi, na mwezi wa Agosti 1972 akawaamuru Waasia wenye paspoti za Uingereza waondoke katika siku 90. Hata waliojiita raia wa Uganda walitakiwa kuleta hati zao zikaguliwe. Wengi waliambiwa kwamba uraia wao ni batili, kwa kuwa hawakuukana ule wa Uingereza katika muda uliowekwa. Kodi walizolipa miaka mingi hazikuwatetea.

Wenyeji nao waliumia. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilidhoofika, na sukari ikawa adimu madukani.

Mwaka 1982 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kuwawezesha waliofukuzwa kudai mali zao, na baada ya mwaka 1986 wengi walirudishiwa. Ndipo ilipoonekana faida ya mtu aliyeitunza hati yake ugenini kwa miaka kumi na zaidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu zangu, wapo jamaa zetu ambao hata sasa wanakaa nje kwa vibali vilivyokwisha, wakitegemea urafiki wa afisa fulani. Afisa huyo huweza kuondoka pamoja na serikali iliyomweka.

Kwa hiyo naleta maombi matatu. Kwanza, kila mwanachama aandikishe kwa Katibu jina na makazi ya jamaa yake aliye nje. Pili, nakala za paspoti, kibali na hati za mali zake ziwekwe hapa nyumbani. Tatu, serikali ya huko ikitangaza tarehe ya mwisho ya jambo lolote, aende ofisini siku za kwanza, wala asingoje kuona wenzake watafanya nini.

Mkiyakubali haya leo, kazi ya kuandikisha yaweza kuanza kabla hatujatawanyika. Daftari liko mezani.