Herufi Zilizo Chini ya Taji



Baadhi ya wazee wetu wanazikumbuka herufi zilizokuwa chini ya taji katika vitu vya Serikali: G na R wakati wa Mfalme George, kisha E na R wakati wa Malkia Elizabeth. Leo nataka kuwaeleza maana yake, na jinsi tarakimu moja tu ilivyozua ugomvi mkubwa.

Herufi ya kwanza ni ya jina la mtawala. R ni mwanzo wa neno la Kilatini: Rex, yaani mfalme, au Regina, yaani malkia, kwa hiyo yamfaa mwanamume na mwanamke pia. Kati yake hutiwa tarakimu ya Kirumi ionyeshayo kuwa yeye ni wa ngapi kwa jina hilo. Basi EIIR ni Malkia Elizabeth wa Pili. Mtawala afapo, alama yake haifutwi. Sanduku la posta la zamani za Victoria hubaki na VR, na mpita njia aweza kukisia umri wake kwa kulitazama tu.

Tarehe 6 Februari 1952 Mfalme George wa Sita alifariki Uingereza, na bintiye Elizabeth akarithi kiti akiwa hapa Kenya, upande wa Nyeri. Novemba mwaka huo sanduku jipya la posta lenye EIIR lilisimamishwa mtaa wa Inch, mjini Edinburgh, katika Skotlandi. Watu wakakasirika. Likapakwa lami, likapigwa nyundo, na Februari 1953 likalipuliwa kwa baruti.

Kwa nini? Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala tangu 1558 hata 1603, alikuwa malkia wa England, wala si wa Skotlandi, iliyokuwa na watawala wake yenyewe. Alipokufa, James wa Sita wa Skotlandi alirithi England pia, na huko akaitwa James wa Kwanza. Mtu mmoja, hesabu mbili! Basi Waskoti wengi waliuliza: Atakuwaje wa Pili kwetu, nasi hatukupata kuwa na wa Kwanza? Waliona historia ya jirani imehesabiwa, na yao imesahauliwa.

Wengine walipeleka shauri mahakamani mwaka 1953, wakashindwa. Hata hivyo, sanduku jingine liliwekwa bila herufi zile, na masanduku mapya ya Skotlandi yakatiwa taji la Skotlandi peke yake. Waziri Mkuu Churchill naye akashauri kwamba tangu hapo ifuatwe hesabu iliyo kubwa zaidi kati ya hizo mbili.

Charles aliporithi mwaka 2022, tarakimu III haikuwa na shida hiyo, kwani Charles wa Kwanza na wa Pili walitawala nchi zote mbili.

Basi, mabibi na mabwana, anayeandika jina juu ya kitu cha watu wote hana budi kuwafikiri kwanza watakaolisoma.