TUVUNJE SAKAFU ILIYO CHINI YA SHAMBA
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Ukambani)



Leo hatukuja kuongea juu ya mikopo wala mbuzi wa maziwa. Tumekuja kuongea juu ya udongo huu tunaoukanyaga.

Tukizunguka vijijini tunasikia mara nyingi: "Mvua ilinyesha, lakini mahindi yamekauka." Ni kweli huku kwetu mvua ni chache. Lakini hebu tujiulize, ile kidogo iliyonyesha ilienda wapi? Tupige hesabu. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi mvua ya milimita 20 kwenye kitanda cha mboga cha mita 5 kwa mita 1 ni lita 100, yaani mitungi 5 ya lita 20. Mama anayebeba mtungi kutoka mtoni anajua uzito wake. Na maji hayo yote yanaweza kuteremka mpaka barabarani kwa sababu udongo umeyakataa.

Kwa nini yakataliwe? Jembe letu la mkono huingia sentimita 10 au 15 tu, na plau ya ng'ombe hupita kina kile kile kila msimu. Hapo chini udongo hushindiliwa mwaka baada ya mwaka hata ukawa kama sakafu. Tukiachilia ng'ombe shambani udongo ukiwa umelowa, tunazidi kuharibu. Maji hayapiti, hewa haipiti. Mizizi ya mahindi, ambayo katika udongo mzuri hushuka mita 1 na zaidi, hugeukia pembeni. Jua likiwaka wiki mbili, mmea hauna pa kunywa.

Mtaijuaje sakafu hii?

1. Chimbeni shimo la kufika magotini. Dungadunga ukuta wake kwa kisu kutoka juu kwenda chini. Mahali kisu kinapogoma, ndipo ilipo.

2. Ng'oeni bua la mahindi polepole. Mizizi ikiwa imepinda kama kiwiko, jibu mmelipata.

3. Toboeni mkebe pande zote mbili, mpigilie ardhini kidogo na kumimina maji. Fanyeni hivyo shambani, kisha chini ya mti wa kando ambapo hapalimwi. Linganisheni maji yanavyozama.

Sasa dawa yake. Anzeni mara tu baada ya kuvuna, udongo ukiwa bado na unyevu kidogo. Finya konzi moja mkononi: ukivunjika, chimbeni, ukishikana kama udongo wa chungu, ngojeni. Pimeni kitanda cha upana wa mita 1. Chimbeni mfereji wa kwanza, upana futi 1 na kina futi 1, na udongo wake uwekwe kando. Ndani ya mfereji, legezeni futi nyingine 1 kwa sururu au jembe la meno, bila kuutoa nje udongo wa chini. Tieni mbolea ya boma iliyooza. Chimbeni mfereji wa pili, udongo wake wa juu ujaze ule wa kwanza. Endeleeni hivyo mpaka mwisho, na ule udongo wa kando ujaze mfereji wa mwisho. Udongo wa juu ubaki juu, kwa maana ndio wenye rutuba.

Tunajua akina mama watatuuliza: "Na kuni je? Na watoto?" Swali hili ni la haki. Kazi hii ni nzito, na haifai kuwa mzigo mwingine wa mama peke yake. Basi iwe kazi ya mwethya: leo kwa huyu, kesho kwa yule, na akina baba washike sururu. Kila nyumba ianze na kitanda kimoja tu.

Kuna jambo lingine. Vikundi vingine vinalima shamba la kukodi. Mkitia jasho hivi, mwenye shamba anaweza kuona limependeza akalitaka msimu ujao. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba, andikeni mapatano ya misimu kadhaa, yawekwe sahihi mbele ya mashahidi. Akikataa kuandika, chimbeni kwenu.

Mkishavunja, tunzeni. Msikanyage kitanda tena. Tembeeni kwenye njia za pembeni. Wekeni matandazo ya nyasi au mabua, ili matone ya mvua yasipige udongo uchi. Pandeni mbaazi katika zamu, kwani mizizi yake hushuka chini sana na kuacha njia za maji. Ng'ombe wale mabua bomani, samadi ndiyo irudi shambani.

Mchagua jembe si mkulima, walisema wazee. Hatuhitaji trekta kuanza. Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kichimbe shimo moja la kupima katika shamba la mwanachama mmoja, wote wakitazama. Mje mtuambie kisu kiligoma wapi, halafu tupange zamu za kazi pamoja.