Darasa la Jioni
(Maneno ya mwanachama mmoja wa reli katika mkutano wa tawi)



Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya kujitolea. Mimi si msemaji. Nilisoma shule ya misheni hadi darasa la saba, nikaingia reli, na tangu hapo nimeshika nyundo kuliko kalamu. Kwa hiyo sitawahubiria. Nitawaeleza habari ya darasa nililolianzisha mwenyewe, likanifia mikononi.

Wengine mnalikumbuka. Niliona wenzetu wengi katika genge wakitia dole gumba siku ya mshahara bila kujua karatasi yasema nini. Nikanunua chaki na mafuta ya taa kwa pesa yangu. Mke wangu aliniuliza kama pesa hiyo itarudi. Nikamwambia itarudi. Siku ya kwanza walikuja watu kumi na wanne, tukajazana chumbani mwangu kule landi hata watoto wakaenda kulala kwa jirani. Wiki ya tatu walikuwa sita. Huyu ana zamu ya usiku, yule macho yanamuuma, na wengine waliona haya kusahihishwa na mtu mdogo kwao kwa umri. Mwezi wa tatu alibaki mmoja tu. Nitamwita Mzee, maana hataki jina lake liandikwe gazetini.

Mzee huyu herufi zilimshinda kabisa. Alichoshika ni tarakimu, na kuandika jina lake. Mvua zilipoanza, naye hakuja tena. Nikazima taa.

Nawaambia kweli, nilikasirika. Mwaka mzima kila nilipowaona wale watu kazini nilihesabu moyoni: huyu amekula mafuta yangu, yule amekula chaki yangu. Hata hapa katika tawi, mlipoomba watu wa kujitolea, mimi nilitazama chini.

Basi mwaka uliofuata kijana mmoja wa genge la Mzee aliangukiwa na reli mguuni walipokuwa wakitengeneza njia. Akapelekwa hospitali, akatoka na mkongojo. Alipodai fidia aliulizwa: uliumia siku gani, mahali gani, nani aliona? Kitabu cha ajali hakikuwa na mstari hata mmoja juu yake. Yeye mwenyewe alikuwa amezimia. Wenzake mmoja alisema ilikuwa kabla ya mshahara, mwingine akasema baada. Mnajua maneno ya namna hiyo yanavyopokewa mezani kwa karani. Katibu wetu alikuwa karibu kulifunga faili.

Jioni moja Mzee akabisha hodi kwa katibu. Mkononi alikuwa na kipande cha pakiti ya sigara. Juu yake ameandika kwa penseli, mwandiko kama wa mtoto: tarehe, saa, namba ya nguzo ya njia, na chini jina lake. Neno jingine hakuandika, kwa sababu hakuwa na neno jingine alilojua kuandika. Katibu akamwuliza kwa nini aliandika. Akajibu, “Mwalimu alisema namba husaidia kukumbuka. Nikazoea.” Kumbe alikuwa na vipande vya namna hiyo kwa kila siku ya kazi, vimefungwa kwa uzi ndani ya mkebe wa majani ya chai!

Tarehe ile ikalinganishwa na kadi ya hospitali, ikakubaliana. Mashahidi wakaulizwa tena, safari hii wakajua wanaulizwa habari za siku gani. Fidia ikalipwa. Haikuurudisha mguu, lakini leo kijana ana kibanda chake cha kushona viatu, na watoto wake hawakutoka shule.

Ndugu zangu, kijana yule hakuingia darasani kwangu hata siku moja. Katika hesabu yangu yote ya mafuta na chaki, jina lake halikuwamo.

Mwenzangu mmoja wa Mombasa nilipomsimulia haya alicheka, akasema, “Nyinyi watu wa bara mmesahau Kiembeni.” Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi: makuli wa bandari, watu wa reli kama sisi, watumishi wa hoteli na wa majumbani. Walikaa siku kumi na mbili bila mshahara. Walikuwa wakikutana katika uwanja wa Kiembeni, wakauita Kiwanja cha Maskini. Agosti mwaka huohuo kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa akapelekwa Baringo, akazuiliwa huko karibu miaka kumi. Shirikisho lao la wafanyakazi likadhoofika, likafa. Mtu angaliweza kusema wamejitoa bure. Lakini baraza lililowekwa kuchunguza mishahara lilikuwa limetoa nyongeza mwaka huohuo. Na mwaka 1955 makuli walipogoma tena, Tom Mboya akaenda kuwasaidia katika mazungumzo, nao wakapata nyongeza nyingine. Siku walipoipokea, Kibachia alikuwa angali Baringo.

Mimi sikufungwa na mtu, nilipoteza mafuta ya taa tu. Naona aibu hata kuyataja mahali pamoja na hayo.

Sasa nije kwenye jambo lililonisimamisha hapa. Darasa linaanza tena Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Halitakuwa chumbani mwangu (mke wangu amekataa, naye ana haki), litakuwa katika ofisi ya tawi. Herufi nitafundisha mimi. Tarakimu atafundisha Mzee, naye amekubali mradi asiitwe mwalimu. Karabai tunayo. Mafuta ya wiki mbili tunayo. Ya wiki ya tatu bado hatujui yatatoka wapi.