Keria za Pikipiki na Deni Letu kwa Mafundi



Sisi wa kamati ya fedha tumezoea kusimama hapa na hesabu. Leo tunaanza na keria ya pikipiki.

Kila anayepita barabara ya Soni kwenda Bumbuli amewaona vijana wetu wakishusha viazi na kabichi. Keria ya kiwandani haikutengenezwa kwa magunia. Ndiyo maana mafundi wetu huunda za kwao kando ya barabara.

Mwaka jana fundi mmoja alituomba mkopo anunue mabomba. Tukamwambia alete ankara kifani, tukafunga faili. Akatumia vipande vya nondo. Nondo ni ya zege. Ikichomelewa ovyo huwa kavu pembeni mwa kiungo, na mtikisiko wa mashimo huimaliza. Keria ilikatika mteremkoni, kijana akavunjika mguu. Wengi wenu mlichangia matibabu. Tulipofunga vitabu, mchango ule ulizidi mkopo tulioukataa. Kosa hilo ni letu, na limeandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

Tulirudi kwa fundi, safari hii kumsikiliza. Keria nzuri ni ya bomba: nyepesi na haipindi upesi. Hufungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyopo, haichomelewi kwenye chesisi. Ukichomelea chochote kikiwa kwenye pikipiki, kwanza toa waya wa betri. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, tairi la mbele huwa jepesi na usukani haushiki. Ncha za bomba huzibwa zisimchome mtu.

Harambee ya mwaka huu ina fungu jipya: mashine ya kuchomelea, drili, kifaa cha kukunjia mabomba na vikinga macho, vyote katika karakana moja ya mafundi wote. Watalipa kidogo kila wanapotumia, risiti itakatwa, na hesabu mtaisoma katika kijitabu cha mwakani.

Yule kijana sasa anatembea, ila hajarudi kuendesha. Amekubali kuwa mtunza vifaa.

Ndugu zetu, toeni mnachoweza, kiwe kikubwa au kidogo. Safari hii hatutamdai mtu ankara kifani.