Mlima Unaponyamaza



Tarehe 17 Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo, isiyo mbali na mpaka wetu wa Kisoro, ilipasuka. Mawe yaliyoyeyuka yalipita katikati ya mji wa Goma, yakatumbukia katika Ziwa Kivu na kufanyiza nchi kavu mpya palipokuwa maji. Ganda la juu liligeuka jeusi upesi, bali ndani moto ulibaki. Watu wakarejea mjini. Tarehe 21 kituo cha petroli kililipuka watu wakichota mafuta, makumi waliangamia.

Basi, kazi ya askari haikomi mlima unaponyamaza. Hapo ndipo uanzapo ulinzi wa njia, wa akiba za mafuta na wa raia wanaorudi. Jiwe jeusi silo jiwe lililopoa.